Kazi Aliyoanza Irene Newman, na Meno Yetu ya Rusayo

Nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, kule Rusayo, karibu na Goma, mashariki ya Kongo, muuguzi mmoja alipokuja kutukagua vinywa. Tulipangwa mstari kwenye ukuta wa darasa, miguu juu ya mawe meusi ya volkano, kila mtoto kinywa wazi kama kifaranga. Aliponifikia alinishika kidevu, akanigeuza uso upande wa jua, akasema kwa sauti ya kusikika na darasa zima: "Huyu hapigi mswaki." Akasonga kwa mwingine.

Nilikuwa napiga mswaki. Mama hakuturuhusu kutoka nyumbani bila kupiga. Jioni ile nilichukua kipande cha makala, maana huku kwetu mkaa tunauita hivyo, nikakisaga juu ya jiwe, nikachanganya na chumvi, nikasugua meno ya mbele kwa kidole mpaka fizi zikatoa damu. Nilisugua hivyo wiki nzima. Madoa ya kahawia hayakusogea. Bado ninayo, mawili makubwa kwenye meno ya juu ya mbele, na kwenye mengine mistari myeupe kama chokaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikicheka nimefunika mdomo kwa kiganja.

Sasa ninafanya kazi katika kabine ya meno, yaani kliniki, hapa Goma. Mimi ni muuguzi wa A2, yaani wa ngazi ya sekondari. Nilianza kama msaidizi: kushika taa, kufyonza mate, kuchemsha vyombo, kuita majina barazani. Docta ndiye aliyenieleza juu ya meno yangu, mwezi wangu wa kwanza pale. Aliniuliza tu, "Ulizaliwa upande gani?" Nikasema Rusayo. Akatikisa kichwa: "Basi huo ni mlima, dada. Si uchafu."

Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, hutoa moshi usiku na mchana, na ndani ya moshi huo kuna gesi yenye floridi. Upepo mara nyingi huusukuma upande wa magharibi, juu ya Rusayo na Sake. Mvua ikinyesha inaiosha gesi hiyo na kushuka nayo. Na sisi tulikunywa nini? Mvua. Ardhi ya lava hainyimi mmea kitu, lakini maji inayanyonya yote, hakuna mto unaobaki juu, kwa hiyo kila nyumba inakinga mabati. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisipitwe ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji. Maji yakizidi hapo, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu bado yanatengenezwa ndani ya taya, yaani tangu utotoni hadi kama miaka minane, gamba la jino linatoka na madoa. Doa liko ndani ya jino lenyewe. Unaweza kusugua makala mpaka uzeeni, na utakachokwangua ni gamba lako zuri.

Nilimaliza kumsikiliza nikaenda nyuma, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu jambo hilo lingeweza kusemwa kwa sentensi tatu, siku ile ile, pale ukutani, na mtu aliyetumwa kutuangalia meno hakulijua.

Tangu hapo nimekuwa natafuta, usiku simu ikipata umeme na mtandao, kujua ni nani hasa ambaye kazi yake ni kujua mambo hayo. Daktari wa meno anajua, lakini daktari ana foleni ya watu wenye maumivu hadi nje. Nazungumzia mtu ambaye umemwendea huumwi. Nilipomkuta, nilimkuta Marekani, katika mji wa viwanda uitwao Bridgeport, jimbo la Connecticut, mwaka 1906.

Jina lake ni Irene Newman. Hakuwa daktari. Alikuwa msaidizi katika kabine ya binamu yake, Alfred Fones. Wakati huo daktari wa meno alikuwa mtu wa kung'oa, kuziba na kutengeneza meno ya bandia. Fones alikuwa amevutwa na mafundisho ya daktari mmoja wa Philadelphia, D. D. Smith, aliyekuwa akiwarudisha wagonjwa wake mara kwa mara ili asafishe na kung'arisha kila jino, kabla halijaharibika. Fones alijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wake mwenyewe, akaona inafanya kazi, akaona pia kwamba mikono yake miwili haitoshi. Ndipo akamgeukia msaidizi wake, akamfundisha kutoa ugaga, yaani uchafu uliogandana na jino.

Nilipofika sentensi hiyo niliweka simu chini. Mimi pia nilifundishwa hivyo hivyo, na daktari aliyechoka kuona meno yanakuja yamechelewa. Docta alinipa yai na rangi ya kucha. Nipake rangi juu ya ganda, ikauke, halafu niikwangue kwa chombo bila kulivunja yai. Nilivunja mengi. Tulikula kimanda siku nyingi pale kabine.

Mwaka 1913 Fones alifungua shule katika banda lililokuwa la magari ya farasi, jirani na kabine yake. Walimu walitoka vyuo vikubwa kama Yale na Columbia kuja kufundisha bandani. Mwaka 1914 wanawake 27 walihitimu, baadhi yao wauguzi, wengine walimu wa shule, wengine wake wa madaktari wa meno. Na hapa kuna jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika habari hii. Watu walikuwa wameanza kuiita kazi hiyo uuguzi wa meno. Fones alikataa. Alisema neno muuguzi linamkumbusha mtu ugonjwa, naye anataka jina linalokumbusha uzima. Akachukua jina kutoka Hygieia, aliyekuwa mungu wa afya kwa Wagiriki wa kale. Kutoka hapo dunia ikapata haijinisti wa meno.

Sisi tunamwitaje? Hapa kabine wagonjwa wananiita anfirmiye, yaani muuguzi, au mama wa kusafisha meno, na kazi yenyewe wanaiita detatraji. Kenya wana maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, Tanzania wana matabibu wa meno, ingawa hao wanafanya na mambo mengine mengi zaidi ya kusafisha. Kiswahili chetu kina utajiri wa ajabu kwa vitu vya mdomoni. Tuna mswaki, neno lililokuja na kijiti chenyewe kutoka kwa Waarabu. Tuna ukoga, ule utando laini unaoukuta kwa ulimi asubuhi. Tuna ugaga, ukoga ukishakuwa jiwe. Tuna fizi, magego, chonge, kibogoyo. Mtu wa kuvitunza hatuna jina lake. Mimi ningependa mtunza kinywa. Kama kuna msomaji mwenye jina bora anipe.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni Kituku. Alikuja kung'olewa. Aliingia, kitenge chake kikinuka ziwa, akakaa, akashika meno mawili ya chini ya mbele kwa vidole vyake.

"Mwanangu, haya yanachezacheza. Muyatoe tu nipumzike."

Nikamwuliza kama anapiga mswaki.

"Zamani. Lakini damu inatokaka, basi naachaka. Utasugua kidonda namna gani?"

Maneno hayo nayasikia kila wiki, na siwezi kumlaumu anayeyasema, maana popote pengine mwilini yangekuwa sahihi. Kwenye fizi ni kinyume. Damu inatoka kwa sababu ukoga umelala pale ukingoni na vijidudu vyake vinaichokoza fizi. Ukiacha kusugua, ukoga unazidi, na damu inazidi. Mwaka 1965, kule Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio ambalo kwangu ni zuri kwa wepesi wake. Walichukua watu 12 wenye fizi safi, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba na kuwa nyekundu. Wakarudishiwa miswaki yao. Kwa muda wa kama wiki moja fizi zikapona. Hakuna dawa iliyotumika. Yule mama wa Kituku nilimweleza habari hii kama nilivyoiandika hapa, akanisikiliza kwa makini, akauliza kama wale vijana walilipwa.

Nikampa kioo cha mkono, mimi nikaingiza kile kidogo ndani. Nyuma ya meno yake ya chini ya mbele palikuwa na ukuta. Chini ya ulimi ndipo mate yanapotokea, na mate yana madini yanayougandisha ukoga ukikaa siku chache bila kuguswa. Ndiyo maana ugaga unapenda mahali hapo, na upande wa shavu wa magego ya juu, ambako pia kuna tundu la mate. Kwake ulikuwa umeunganisha jino na jino kama daraja, rangi ya chai iliyolala, na fizi imerudi chini yake kama mtu aliyesukumwa kitandani. "Unaona hapa, mama? Hili si jino. Hili ni jiwe limekaa juu ya jino."

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mashine inayotetemeka ilikuwa bure. Nilifanya kwa mkono. Chombo ni chuma chembamba chenye ncha iliyopinda kama mundu mdogo. Kwanza unakaza kidole cha pete juu ya jino la jirani, ili mgonjwa akishtuka mkono wako ushtuke naye badala ya kuteleza. Halafu unaipitisha ncha chini ya ukingo wa jiwe, unaliegemea, unavuta kwenda juu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu unasikia kwenye kidole kabla ya sikio, mlio mdogo kama ganda la karanga, na kipande kinaangukia pamba. Chini yake fizi inachuruzika damu, nyekundu iliyoiva, halafu inatulia. Jino linalotokea hapo ni jeupe, kwa sababu chai haijaligusa kwa miaka.

Nilichukua karibu saa nzima kwa meno sita. Nilipomaliza alipeleka ulimi nyuma, macho yakamtoka.

"Mwanangu! Umenitobolea meno! Upepo unapita!"

Nikampa kioo tena. Zile nafasi ni zake, jiwe lilikuwa limezijaza. Nikamwambia na lile lingine, maana sipendi kumdanganya mtu kitini: mfupa uliokwisha kulika haurudi, meno yatabaki yamelegea kidogo, lakini fizi ikikaza yanaweza kukaa miaka mingi bado. Docta akaja, akayagusa, akasema hatuyang'oi.

Sheria ya kwanza kabisa juu ya kazi hii, ile ya Connecticut ya mwaka 1915, inaeleza kitendo hicho hicho. Iliruhusu haijinisti kuondoa ugaga na madoa kwenye sehemu za jino zilizo wazi na chini kidogo tu ya ukingo wa fizi, na ikamkataza kufanya kitu kingine chochote kinywani. Afanye kazi katika kabine ya daktari au katika taasisi ya umma au ya binafsi, chini ya uangalizi wa daktari. Ukisoma utaona ni uzio. Madaktari wengi waliogopa kwamba wanawake hao watawanyang'anya wagonjwa. Kule Ohio kozi ya wasaidizi na wauguzi wa meno ilianzishwa 1910 ikafungwa 1914 kwa sababu ya upinzani wa namna hiyo. Lakini mimi nauona uzio huo kama nyumba pia. Mtu ambaye sheria imeandika mipaka yake, sheria imekiri kwamba yupo. Mwaka 1917 Irene Newman alipewa leseni ya kwanza duniani ya kazi hiyo. Wenzake walikuwa wameshaunda chama cha jimbo lao tangu 1914, yeye akiwa rais wake, na cha taifa kikaundwa 1923. Hata hivyo ilipita miongo kadhaa kabla majimbo yote ya Marekani hayajawapa leseni. Miaka mingi hiyo, kwa jambo la kukwangua ugaga.

Kwingine ilienda haraka au polepole, kila nchi na njia yake. Wajapani waliweka sheria yao 1948. Shirikisho la kimataifa la mahaijinisti liliundwa Oslo 1986. New Zealand walichukua njia ambayo nimeifikiria sana. Walipoona vijana walioandikishwa vita vya kwanza vya dunia wana meno mabovu kupita kiasi, wakaanza mwaka 1921 kufundisha wasichana kwa miaka miwili na kuwapeleka shuleni, si kusafisha tu, bali kuziba na kung'oa pia. Walihudumia watoto wengi sana na nchi nyingine ziliwaiga. Lakini watoto wenyewe walikiita kile chumba cha shule nyumba ya mauaji, kwa sababu ya mashine ya kutoboa. Bridgeport walianza mlango mwingine. Wale wahitimu wa bandani walipelekwa 1914 kwenye shule za msingi za mji, kusafisha meno ya watoto wa madarasa ya chini, kuwafundisha kupiga mswaki wote pamoja kama mazoezi ya viungo, na kuzungumza na wazazi. Baada ya miaka mitano Fones alitoa ripoti kwamba meno yaliyooza yamepungua kwa asilimia 75. Hapa Goma tunahitaji njia zote mbili, sikatai. Ila kama ningeambiwa nianze na moja kesho asubuhi, ningeanza na ile ambayo mtoto anamjua mtu wa meno kabla hajalia mbele yake.

Na doa langu? Miaka ile ile, katika jimbo jingine la Marekani, kijana mmoja daktari wa meno, Frederick McKay, alifungua kabine Colorado Springs mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yetu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Yeye alishuku maji, akahangaika miaka 30, mpaka 1931 floridi ilipotajwa kuwa ndiyo sababu. Njiani aligundua jambo lililowashangaza wote: meno hayo yenye madoa yalioza kwa nadra. Ikaja kueleweka kwamba floridi kidogo inalinda jino na nyingi inalitia doa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuongeza floridi kidogo kwenye maji yake kwa makusudi, na 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha ya dawa muhimu. Kitu kile kile kilichonifunika mdomo utotoni, nakipendekeza kwa wagonjwa wangu kila siku, kwa kipimo cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu na punje ya njegere kwa mkubwa kidogo. Na Colorado ndiko, miaka ya 1980, haijinisti aliporuhusiwa kufungua kabine yake mwenyewe bila daktari kumsimamia.

Jambo moja nimelijifunza hapa mjini, sikulikuta katika historia yoyote. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipotapika, lava iliharibu tangi na mabomba, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Hata siku za amani, mitaa mingi ya Goma inanunua maji kwa bidoni, yaani madumu. Nikimwambia mama wa Ndosho apige mswaki na kusukutua vizuri, ananiona sijui bei ya bidoni. Sasa nasema: piga, tema povu, usisukutue. Ndivyo inavyotakiwa hata penye bomba, kwa sababu floridi inabaki kwenye jino ifanye kazi yake. Mara nyingi wanafurahi mbele yangu, mtu wa afya amewapunguzia gharama kwa mara ya kwanza.

Daftari letu la kabine lina safu ya kazi iliyofanywa. Ukilifungua popote utaona herufi zile zile zimeshuka ukurasa mzima: EXT, EXT, EXT. Kung'oa. Siku ya yule mama nilichukua kalamu mwenyewe nikaandika DET, na pembeni, mahali ambapo hakuna safu, nikaandika tarehe ya kurudi.

Alirudi baada ya wiki mbili, siku ya soko dogo. Alinipungia tangu mlangoni. "Damu imekoma, aksanti sana." Meno bado yanacheza, lakini fizi ilikuwa imepoa, rangi ya waridi, imeshika. Alikuwa amekuja na mjukuu wake wa miaka sita, mtoto wa kiume, aliyejificha nyuma ya kitenge. Hakuwa anaumwa. Nilimpandisha kitini, nikampa kioo akishike mwenyewe, nikamwonyesha jino lililokuwa linachungulia nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto.

"Hilo la utoto, litang'oka," alisema bibi yake.

"Hapana, mama. Hili ndilo gego lake la kwanza la kudumu. Linakuja bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana hakuna anayeliona. Likioza hakuna lingine."

Mtoto alifungua kinywa zaidi ili alione vizuri. Nikachukua mswaki, nikamwonyesha jinsi ya kuugeuza uufikie huko nyuma.

"Na mama yako alikuzaa wapi?" nikamwuliza, nikiangalia meno yake mawili ya mbele yaliyoanza kutoka.

"Sake," akasema.

Nikamwinamisha kidogo kwenye mwanga.